Matunzo ya bajaji na guta nyumbani: shika spana, lakini jua uzito unakaa wapi

Siku bajaji inapolala gereji, hesabu ya tajiri, yaani fedha anayopelekewa mwenye chombo, hailali. Dereva wa mkataba analijua hilo kuliko mtu yeyote, na ndiyo maana kazi nyingi siku hizi zinafanyika uani: kumwaga oili, kusafisha plagi, kukaza breki, kufunga redio na taa. Mimi ni mkufunzi wa ufundi wa magari na siipingi tabia hiyo. Natamani ienee zaidi. Anayekigusa chombo chake kila asubuhi huona kasoro mapema kuliko fundi anayeletewa kikiwa kimeshakufa. Kinachonisumbua ni kwamba mkono uleule uliobadilisha oili vizuri asubuhi, jioni unafunga kitu juu ya paa au nyuma ya kiti bila mwenyewe kujiuliza chombo cha magurudumu matatu kinasimamaje.

Tuanze na oili, maana hapo ndipo injini nyingi zinapouawa. Bajaji zilizojaa mijini, Bajaj RE na TVS King, nyingi zina injini ya silinda moja, ya takriban cc 200. Inapozwa kwa upepo, si kwa maji kama ya gari, kwa hiyo oili nayo inabeba sehemu kubwa ya kazi ya kuondoa joto. Isitoshe, klachi yake hufanya kazi ikiwa imelowa oili. Ukimimina oili ya gari yenye kemikali za kupunguza msuguano, klachi inaanza kuteleza: injini inalia, bajaji haiendi, na kwenye mlima ndiyo kabisa. Soma kopo. Ukiona maandishi JASO MA au MA2, hiyo imetengenezwa kwa ajili ya klachi ya namna hiyo. Unene ufuate kitabu cha chombo; kwa bajaji nyingi za huku kwetu utakuta ni 20W-50.

Muda wa kubadilisha hupimwa kwa kilomita, lakini bajaji ngapi mtaani kwako mita yake inasoma? Mita ikiwa imekufa, hesabu kwa siku. Chombo kinachotembea kilomita 100 kwa siku kinafikisha 3,000 ndani ya mwezi mmoja, na cha kijiwe chenye abiria wengi kinafika huko mapema zaidi. Andika tarehe kwa kalamu ya rangi mahali ambapo dereva na deiwaka, yule anayemshikia zamu, wote wataiona. Oili chafu usiimwage mtaroni, wala usiipake nguzo za banda kuzuia mchwa, kwani inaingia ardhini na kufika kwenye visima. Ihifadhi kwenye dumu lenye mfuniko, kisha ipeleke gereji inayokusanya oili chakavu.

Chujio la hewa nalo linasahaulika, hasa Dodoma, Singida na kwingine kwenye vumbi la barabara za pembeni. La sponji unaweza kulifua kwa maji ya sabuni, ukalikausha kivulini na kulipaka oili kidogo. La karatasi halifuliwi. Linagongwa taratibu vumbi litoke, na likishakuwa jeusi linabadilishwa. Wanaoliondoa kabisa ili injini "ipumue" wanaruhusu mchanga uingie moja kwa moja kwenye silinda, na pistoni iliyokwaruzwa na mchanga haina dawa ya bei rahisi.

Kuna kazi moja ya uani ambayo nimeizoea kuiona na kila mara inanishtua: kulaza bajaji ubavu ili mtu afike chini ya injini. Najua kwa nini inafanyika. Jeki hakuna, shimo la gereji hakuna, na vijana wanne wanaweza kuiinamisha kwa dakika moja. Lakini tangi la petroli linakuwa limelala, maji ya betri yana tindikali, na pembeni mara nyingi kuna mtu anavuta sigara au jiko la mkaa la mama lishe. Kama huna njia nyingine, funga koki ya petroli, toa betri kabisa, hakikisha tangi halijajaa, na asiwepo mtoto wala moto karibu. Ukishaisimamisha, usipige stata papo hapo. Oili inaweza kuwa imepanda kwenye njia ya hewa au ndani ya silinda. Iache itulie, pima oili, kagua chujio, ndipo uwashe. Ukiweza kuchangia jeki na vipande vinene vya mbao pale kijiweni, mkaitumia kwa zamu, ni bora zaidi. Tofali lisiwekwe chini ya chombo ambacho mtu ameingia uvunguni mwake. Tofali hupasuka bila kutoa onyo.

Breki za bajaji nyingi ni za ngoma kwenye magurudumu yote matatu, zinazosukumwa na mafuta ya breki. Ukaguzi wa nyumbani ni rahisi. Kanyaga pedali kwa nguvu, ishikilie hapohapo kwa nusu dakika. Ikizama polepole chini ya mguu, kuna mahali panavuja, ndani au nje. Tazama pia kikopo cha mafuta ya breki: yakishuka mwezi hadi mwezi, ama viatu vya breki vimelika au kuna uvujaji. Nakuomba usijazie kwa oili ya injini, hata kama ni ya kufika nyumbani tu. Oili hiyo inavimbisha raba za ndani, na raba zikivimba breki inaweza kujifunga yenyewe au kukosekana kabisa, na hapo utabadilisha mfumo mzima. Tumia DOT 3 au DOT 4 kama mfuniko unavyoelekeza, kutoka kopo ambalo halijakaa wazi, kwa sababu mafuta hayo hunyonya unyevu hewani. Yakiwa na maji ndani, yanachemka kwenye mteremko mrefu na pedali inakuwa laini pale unapoihitaji kuliko wakati wowote. Wenzetu wa Mbeya wanaijua miteremko hiyo. Na ukifungua ngoma, vumbi jeusi la ndani usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Lifute kwa kitambaa chenye maji. Viatu vya zamani vinaweza kuwa na asbesto, na asbesto huharibu mapafu.

Sasa nije kwenye uzito, ambao ndio hasa ulionifanya niandike.

Chukua chaki. Chora mstari kutoka pale tairi la mbele linapogusa ardhi hadi kila tairi la nyuma, kisha unganisha yale mawili ya nyuma. Umepata pembetatu. Chombo kinasimama mradi tu uzito wake, kutoka pale ulipo moyo wa uzito huo (sehemu ambapo ni kama uzito wote umekusanyika), unaangukia ndani ya pembetatu hiyo. Ukikata kona kwa kasi, uzito unasukumwa nje ya kona. Ukifunga breki, unasukumwa mbele, kule ambako pembetatu imebana. Ukifanya yote mawili kwa pamoja unasukumwa kwenye pembe ya mbele upande wa nje, mahali ambapo gari lina tairi na bajaji haina kitu. Ndiyo maana kasi inapunguzwa kabla ya kona, si ndani ya kona.

Ukiielewa pembetatu hiyo, utayatazama mapambo ya mtaani kwa jicho jingine. Keria ya chuma juu ya paa, yenye mzigo wa mkaa au magodoro, inaupandisha moyo wa uzito, na kadiri unavyopanda ndivyo kona ndogo inavyotosha kuiangusha bajaji. Abiria anayebanwa mbele pembeni ya dereva ni kosa la aina mbili: anasogeza uzito kwenye sehemu nyembamba ya pembetatu na upande mmoja, halafu goti lake linagusana na usukani. Bajaji ya abiria imeundwa kubeba watatu kwenye kiti cha nyuma, na viti vyao viko karibu na ekseli kwa sababu hiyohiyo. Jambo ambalo madereva wengi hawalitarajii ni kwamba dereva akiwa peke yake anaweza kupinduka kirahisi, kwa kuwa uzito wake uko mbele na nyuma hakuna kitu. Jihadhari usiku unaporudi nyumbani mtupu, barabara nyeupe, mkono umejisahau kwenye mafuta.

Guta lina hatari ya upande wa pili. Wenye maguta wanapenda kurefusha bodi nyuma kwa kuchomelea chuma ili libebe nondo, mabomba au magunia zaidi. Kila kilo inayokaa nyuma ya ekseli inainua gurudumu la mbele. Usukani unakuwa mwepesi, dereva anafurahi, kumbe tairi la mbele limeacha kushika barabara. Ukitaka kurefusha bodi, mzigo mzito upangwe mbele ya ekseli au juu yake, na chesisi ikaguliwe na mtu anayejua kuchomelea, kwa sababu mchomeleo mbaya hupasuka pale ulipoishia, si katikati.

Kuweka spesa, kipande cha chuma kinachosogeza gurudumu nje, ili kutanua nafasi kati ya tairi za nyuma, au kukata springi ili bajaji ikae chini na kupendeza, nako kuna gharama yake. Spesa inaongeza mzigo kwenye beringi na boliti. Springi iliyokatwa inabadilisha pembe ya shafti fupi zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu, na viungo vyake vinalika haraka. Kama ni bajaji ya biashara, mimi nisingefanya hata kimoja.

Muziki na taa ni mambo ya vijana na siwanyimi. Bajaji iliyopambwa vizuri inapata wateja, jambo ambalo watu wa tuktuk za Mombasa wanalijua vizuri. Ila umeme una hesabu yake. Taa moja ya ziada ya wati 55 kwenye betri ya volti 12 inavuta takriban ampia 4.6. Ukifunga mbili, ni zaidi ya ampia 9, kabla hujahesabu redio na spika. Injini ndogo inachaji kidogo, hasa ikiwa mlio wa chini kwenye foleni, kwa hiyo betri inaishiwa nguvu na wewe unalaumu betri. Taa za LED zinatoa mwanga uleule kwa wati chache zaidi, anza nazo.

Kisha angalia waya zimepitaje. Bajaji nyingi zinazoletwa karakana yetu kwa tatizo la umeme, nikifunua dashibodi nakuta waya mwembamba wa redio umeunganishwa kwenye waya wa taa kubwa, umesokotwa kwa vidole na kuzungushiwa nailoni ya mfuko. Nailoni imeyeyuka, waya umekuwa mweusi, na penye fyuzi pamewekwa kipande cha waya wa shaba kisichokatika kama fyuzi umeme ukizidi. Juu yake kuna turubai, na nyuma kuna petroli. Kitu cha ziada kichukue umeme kutoka betri kwa waya wake chenyewe, chenye fyuzi yake karibu na betri, na taa kubwa zipitie rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme. Kwa zile taa mbili za wati 55, waya wa milimita za mraba 2.5 na fyuzi ya ampia 15 vinatosha. Waya ukipita kwenye tundu la bati, weka raba, maana mtikisiko wa barabara unakata ganda la waya polepole.

Boksi la spika nyuma ya kiti cha abiria ni tatizo jingine. Injini iko hapohapo chini, na feni yake inahitaji hewa. Boksi au zulia likiziba njia ya hewa, injini inachemka, na mwenyewe anabadilisha plagi kila wiki bila kujua chanzo. Vilevile vile vipande vya bati vinavyozunguka silinda si urembo. Vinaongoza upepo wa feni. Ukivifungua kwa ajili ya usafi, virudishe vyote na boliti zake zote.

Mfumo wa kuendesha bajaji kwa gesi usiguswe nyumbani. Mtungi wa gesi asilia hujazwa kwa shinikizo la takriban bar 200, na mtungi wa kupikia si mbadala wake kwa namna yoyote. Nenda kwenye kituo cha kubadilisha mifumo ya gesi, kama kile cha Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam. Na ukipaka rangi mpya au kubadilisha injini, kumbuka kwamba kadi ya usajili imeandika rangi na namba ya injini. Pita TRA, Mamlaka ya Mapato, kabla ya kwenda kwa mpaka rangi.

Kuna marekebisho moja ninayoyaunga mkono kwa moyo wote, nayo ni ya watu wenye ulemavu wa miguu. Kwenye bajaji ya kawaida klachi na gia ziko mkono wa kushoto, mafuta yako mkono wa kulia, na kinachohitaji mguu ni pedali ya breki peke yake. Kwa hiyo mlango wa ajira unafunguliwa na kipande kimoja cha chuma: mkono unaopandishwa kutoka pedalini hadi usawa wa kiganja cha kulia. Ukae kulia kwa sababu mkono unaoshika breki lazima uwe umeachia mafuta. Mafundi wengi wanachomelea bapa la chuma moja kwa moja kwenye pedali. Mkono huo wa chuma ukisukumwa kwa pembeni kila siku, mchomeleo unapata ufa usioonekana chini ya rangi. Bora ufungwe kwa kibano chenye boliti mbili na nati za kujifunga, uwe mnene kiasi cha kutopinda ukivutwa kwa nguvu zote, na usiguse usukani ukikatwa kushoto wala kulia hadi mwisho. Pedali irudi juu yenyewe bila kusaidiwa. Ujaribiwe kwanza kiwanjani kwa mwendo wa kutembea, chombo kikiwa kitupu, kisha kikiwa na watu watatu nyuma. Na wakati wa jaribio mtu mmoja asimame nyuma aangalie kama taa ya breki inawaka, kwani mkono wa chuma wenye uzito wake mara nyingi hubadilisha pale swichi inapogusia pedali.