Goti jipya halitunzwi kitandani
Imani hii ni ya zamani: ukishabadilishiwa goti, lala tu, usije ukalichakaza mapema. Watu wa nyumbani huileta kwa upendo, pamoja na mto wa kuweka chini ya goti. Mto huo ndio wenye hasara. Goti likizoea kukaa limejikunja kidogo, kovu la ndani hukomaa hivyohivyo, na baadaye mguu hukataa kunyooka. Ukitaka kuuinua, weka mto chini ya kifundo, goti libaki hewani lijinyooshe lenyewe.

Siku hizi mgonjwa husimamishwa siku ileile ya upasuaji au kesho yake, akishikilia fremu au magongo. Misuli ikifanya kazi, damu husukumwa na hatari ya kuganda mguuni hupungua. Kuinuka kitini bila tabu kunahitaji goti lijikunje nyuzi 90 hivi, na nyuzi hizo hutafutwa wiki za mwanzo, maana kovu halisubiri.

Maumivu yapo, sikatai. Dawa ya maumivu hunywewa kabla ya mazoezi, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa huwekwa baada yake. Uvimbe waweza kudumu miezi. Lakini shavu la mguu likivimba na kuuma ghafla, au kidonda kikitoa usaha, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Na kuchakaa? Takriban magoti 8 kati ya 10 hufikisha miaka 25. Kutembea, kuogelea na kuendesha baiskeli ni salama. Kukimbia na kurukaruka ndiko madaktari wengi hukukataza.