Sukari, lehemu na kumbukumbu za wazee wetu: yanayosemwa Moshi na yaliyo kweli

"Mama amezeeka, mwache asahau." Kauli hii utaisikia kila Desemba, watu wakishapanda Machame, Kibosho na Marangu kula sikukuu na kumkuta bibi anauliza jambo lile lile mara ya nne kabla chai haijapoa. Inasemwa kwa upendo, lakini si kweli. Uzee hupunguza kasi: jina linachelewa kuja, miwani inatafutwa. Kupotea njia ya shambani uliyoipita maisha yako yote, au kushindwa kuhesabu chenji ya ndizi, hilo ni jambo la kupeleka hospitali. Utafiti uliofanyika katika vijiji vya wilaya ya Hai, hapa jirani, na kuchapishwa mwaka 2013, uliwachunguza wazee karibu 1,200 wa miaka 70 na kuendelea. Makadirio yakawa kwamba kama 6 katika kila 100 wana demensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaopunguza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Wengi mno, basi, wanafika umri huo na akili zao timamu.

"Sukari huharibu miguu na macho, akili haiigusi." Hii ndiyo inayoniuma zaidi. Mgonjwa wa kisukari atakaguliwa nyayo, atatumwa kwa daktari wa macho, lakini kumbukumbu haiulizwi na mtu, wala yeye mwenyewe haitaji. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, ila unatumia karibu asilimia 20 ya nguvu yake. Unalishwa na mishipa midogo sana, na sukari iliyozidi kwa miaka mingi huifanya mishipa hiyo kuwa minene, migumu, mingine ikaziba kabisa. Ikiziba mmoja mmoja, mtu haanguki kwa kiharusi. Anakuwa mzito wa kufikiri, anakasirika ovyo, anashindwa kupanga mambo aliyoyazoea. Presha ikiwepo, uharibifu unakwenda mbio zaidi.

Wala usisubiri uandikiwe kisukari. Watafiti wa Seattle, Marekani, waliwafuatilia wazee zaidi ya 2,000. Mwaka 2013 walieleza kwamba hata kwa wasio na kisukari, waliokuwa na wastani wa sukari wa 6.4 (milimoli kwa lita, kama glukomita inavyosoma) walikuwa na hatari ya demensia kubwa kwa asilimia 18 kuliko wa 5.5. Utafiti huo hauthibitishi kwamba sukari pekee ndiyo iliyowaletea, lakini unatosha kumfanya mtu wa miaka 50 aache kusema "imepanda kidogo tu".

"Nimechomwa kidole, ikaja tano, niko salama." Kidole kinakuambia ya asubuhi hiyo. Omba kipimo cha sukari ya miezi mitatu, kinachoonyesha sukari iliyojishika kwenye chembe nyekundu za damu. Asilimia 6.5 na kuendelea ni kisukari. Mwenye upungufu wa damu au selimundu amwambie daktari mapema, kwa sababu majibu yake yanaweza kupotosha.

"Mwembamba hana lehemu." Lehemu ni kolesteroli, mafuta yaliyo kwenye damu, na mwembamba anaweza kuwa nayo nyingi, kwa kuwa ini lenyewe huitengeneza. Mwaka 2024 kamisheni ya jarida la tiba la Lancet iliiongeza lehemu mbaya ya umri wa kati kwenye orodha yake ya vihatarishi, sasa 14, ambayo tayari ilikuwa na kisukari, presha na unene. Ilikadiria kuwa karibu asilimia 45 ya demensia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa vyote vikishughulikiwa. Umri wa kati ndio wakati wenyewe. Kwa hiyo wewe unayempeleka mzee kliniki, pima na yako siku hiyo hiyo.

"Kadiri sukari inavyoshuka ndivyo bora." Kwa mzee, hapana! Mama yangu mkubwa alimeza glibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari, alfajiri, akaenda ibada ya kwanza bila kula. Alirudi jasho limelowesha kitenge, anamwita binti yake kwa jina la marehemu dada yake. Jirani akaanza kusema amerogwa. Glukomita ikaonyesha 2.6. Alikunywa maji ya sukari, akatutambua, na bado tulimkimbiza hospitali, maana dawa ile hukaa mwilini na sukari huweza kushuka tena. Sukari ikishuka hivyo mara kwa mara nayo inahusishwa na demensia. Ndiyo maana kwa mzee dhaifu madaktari wengi huridhika na sukari ya miezi mitatu ya karibu asilimia 8. Aliyezimia asinyweshwe kitu, atapaliwa.

"Damu itaniambia kama nitasahau." Sukari na lehemu zinaeleza hatari tu. Wapo wenye majibu mabaya waliozeeka na akili zao, na wenye majibu mazuri waliougua. Ila damu hiyo hiyo inaweza kufichua usahaulifu unaotibika: tezi la shingo linalofanya kazi pungufu, au upungufu wa vitamini B12. Metformini ikitumika miaka mingi hupunguza B12, na wazee wetu wengi wa sukari wanaimeza kila siku. Kwa hiyo siku ya kliniki beba dawa zake zote, pamoja na za mitishamba, na umweleze daktari nini kimebadilika na kilianza lini. Mzee mwenyewe, akiulizwa, mara nyingi atajibu kwamba hajambo kabisa.