Mlio mgeni kwenye gari: uliza kwanza unafuata nini

Magari mengi yanayoletwa kwenye karakana ya ukaguzi kwa sababu ya kelele huwa yameshabadilishwa kifaa kimoja au viwili ambavyo havikuwa na kosa lolote. Mara nyingi chanzo cha hasara hiyo ni mazungumzo ya mwanzo kati ya mwenye gari na fundi: mmoja anaigiza mlio kwa mdomo, mwingine anabahatisha kutokana na maigizo hayo. Namna mlio unavyosikika ni ushahidi hafifu, kwa kuwa bodi ya gari ni chuma kilichounganika na husafirisha mtetemo mbali na chanzo chake, kiasi kwamba bushi (raba ya kiungo kati ya vyuma viwili) iliyokufa kwenye gurudumu la mbele inaweza kusikika kana kwamba iko chini ya kiti. Ushahidi wenye uzito ni mazingira ya mlio, yaani unaanza lini, unakoma lini, na ukiongezeka unaongezeka kwa kufuata nini.

Karibu kila mlio wa kujirudia ndani ya gari hutokana na kitu kinachozungushwa ama na injini ama na magurudumu, hivyo kazi ya kwanza ni kutenganisha makundi hayo mawili, na kazi hiyo haihitaji chombo chochote. Gari likiwa limesimama mahali pa wazi, breki ya mkono imevutwa na gia iko huru, kanyaga mafuta taratibu. Mlio ukitokea na kupanda pamoja na injini, magurudumu hayahusiki. Usipotokea, endesha kwa mwendo mmoja, tuseme kilomita 50 kwa saa, kwanza katika gia ya tatu kisha ya nne, bila kubadili mwendo. Injini itakuwa imepunguza mizunguko ilhali magurudumu yanazunguka vilevile, kwa hiyo mlio usiobadilika hapo unatoka kwenye tairi, beringi au ekseli. Wapo madereva wanaozima injini gari likiwa kwenye mwendo ili wasikie vizuri. Hilo lisifanywe kabisa, kwa sababu breki hupoteza msaada wake, usukani huwa mzito, na katika magari yenye ufunguo wa kuzungusha, usukani unaweza kujifunga.

Mlio wa kugonga unaoweza kuhesabika hueleza zaidi. Tairi la gari dogo la kawaida lina mzingo wa karibu mita 2, hivyo gari likienda kilomita 20 kwa saa gurudumu huzunguka takriban mara 3 kwa sekunde. Ukisikia tak, tak, tak ya kasi hiyo, tafuta kitu kinachogusa mara moja katika kila mzunguko: jiwe lililokwama kwenye kashata (uso wa tairi wenye mifereji), msumari, au nati za gurudumu zilizolegea. Jambo hili la mwisho lichunguzwe kabla ya mengine yote, hasa kama tairi lilifunguliwa siku chache zilizopita, na gari lisimamishwe papo hapo ili nati zikazwe. Kwa upande wa injini, mizunguko 800 kwa dakika ina maana kwamba kranki shafti, mtaimbo wa chini unaozungushwa na pistoni, inazunguka karibu mara 13 kwa sekunde, lakini kemshafti, mtaimbo unaofungua valvu, huzunguka nusu ya hapo. Mlio mwepesi wa mara 6 au 7 kwa sekunde huelekeza juu, kwenye valvu na vifaa vyake, na mlio mzito wa kugonga wa kasi maradufu huelekeza chini, kwenye kranki shafti. Sikio lisilozoea linaweza kusaidiwa na simu: rekodi sekunde kumi, kisha hesabu ukiwa umetulia.

Tofauti hiyo ya juu na chini ndiyo inayoamua kama gari litaendelea na safari. Mlio wa valvu unaosikika kwa sekunde chache baada ya kuwasha injini baridi, kisha ukapotea, kwa kawaida hutokana na oili iliyoshuka usiku kucha na kuchelewa kufika juu. Usipopotea, hatua ya kwanza ni kupima kiwango cha oili gari likiwa sehemu tambarare na injini ikiwa imezimwa kwa dakika kadhaa, kwa kuwa upungufu wa oili ndio chanzo cha bei rahisi zaidi na ndicho kinachosahaulika zaidi. Mlio mzito wa kugonga unaozidi injini inapobebeshwa mzigo, kama kwenye mlima, ni dalili ya beringi zilizolika za konrodi, yaani mkono unaounganisha pistoni na kranki shafti. Hapo injini izimwe na gari livutwe. Likiendeshwa, konrodi inaweza kukatika na kutoboa bloku, na matengenezo ambayo yangeishia kwenye kupima kranki shafti, kuichonga na kuiwekea beringi nene zaidi yatageuka kuwa ununuzi wa injini nzima. Vivyo hivyo taa nyekundu ya oili ikiwaka injini ikiunguruma: zima kwanza, mengine yatafuata. Kumwaga oili nzito ili kunyamazisha mlio huo wa kugonga, jambo linalofanywa sana gari linapotaka kuuzwa, hakurudishi chuma kilichokwisha kulika.

Upo pia mlio unaofanana na kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo, unaojitokeza dereva anapokanyaga mafuta sana katika gia kubwa na mwendo mdogo. Huo ni mlipuko usio na mpangilio ndani ya silinda, na vyanzo vyake ni petroli ya oktani ndogo kuliko injini inavyotaka, joto lililozidi, masizi yaliyoganda juu ya pistoni, au muda wa kuwasha cheche usio sahihi. Kushusha gia huupunguza mara moja, lakini ukiendelea wiki hadi wiki unaweza kutoboa pistoni.

Mkanda wa mbele ya injini hupiga kelele nyingi na hulaumiwa hata kwa makosa ya vifaa vingine. Kipimo chake ni maji. Nyunyiza maji kidogo upande wenye mifereji injini ikiwa inaunguruma, mikono, nguo na nywele zikiwa mbali na feni. Mlio ukipotea kwa muda mfupi kisha ukarudi, kuna puli (gurudumu dogo linalopitisha mkanda) isiyokaa sawa na wenzake. Ukizidi, mkanda umelegea au kikazio chake kimechoka. Usipobadilika hata kidogo, shuku beringi za alteneta, za pampu ya maji au za puli yenyewe: ondoa mkanda injini ikiwa imezimwa, na uzungushe kila puli kwa mkono ukisikiliza inayokwaruza. Dawa za kupulizia mkanda huziba sikio la mkaguzi tu, na ningependa zisiuzwe.

Kelele ya magurudumu ndiyo inayopoteza pesa nyingi zaidi, kwa sababu tairi lililolika vibaya na beringi iliyokufa hutoa mvumo unaofanana, unaopanda kadiri gari linavyokwenda. Njia ya kutofautisha ipo. Mvumo wa tairi hubadilika pale barabara inapotoka lami laini na kuingia lami ya kokoto, na ukipitisha kiganja juu ya kashata, kwenda na kurudi, utahisi meno kama ya msumeno upande mmoja. Mvumo wa beringi haujali barabara. Hubadilika gari linapokata kona. Gari likipinda kushoto, uzito huhamia magurudumu ya kulia, hivyo mvumo ukizidi hapo beringi ya kulia ndiyo mtuhumiwa wa kwanza, ingawa kipimo hiki hakitoshi peke yake. Gari linyanyuliwe na kuegemezwa kwenye stendi imara, kamwe si jeki peke yake, kisha gurudumu lizungushwe kwa mkono mmoja huku wa pili ukiwa umeshika springi. Beringi nzima haipeleki kitu kwenye springi. Iliyochoka hupeleka mkwaruzo mdogo ambao vidole huutambua hata pale masikio yanaposhindwa. Shika pia gurudumu juu na chini na ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki: mchezo ukikoma, kosa liko kwenye beringi, na ukiendelea, liko kwenye bol jointi au viungo vingine. Kama shaka bado ipo, hamisha tairi za mbele ziende nyuma. Mvumo ukihama nazo, beringi imepona kesi.

Breki zina mlio wa makusudi. Pedi nyingi zimefungwa kibati chembamba cha chuma ambacho hugusa diski pale nyama ya pedi inapobaki takriban milimita 2 au 3, kutoka unene wa karibu 10 au zaidi ilipokuwa mpya, na kilio chake chembamba, ambacho mara nyingi hubadilika au kunyamaza unapokanyaga breki, kinamaanisha kwamba muda wa kubadilisha umefika. Kilio hicho kikipuuzwa hugeuka kuwa mkwaruzo mzito, yaani chuma juu ya chuma, na diski nayo hulika. Unene wa chini unaoruhusiwa kwa kawaida huwa umegongwa kwenye diski yenyewe; diski iliyo chini ya hapo haichongwi, hutupwa. Pedi hubadilishwa kwa ekseli nzima, kushoto na kulia, pini za kalipa (kibanio cha pedi) husafishwa na kupakwa grisi ya breki, na uso wa pedi hauguswi na grisi wala oili ya aina yoyote. Mkwaruzo mfupi asubuhi baada ya mvua ni kutu nyembamba, hupotea baada ya kukanyaga breki mara chache.

Mlio wa kata-kata usukani ukiwa umekunjwa hadi mwisho na gari likianza kuondoka ni wa sivi jointi ya nje, kiungo kinachopeleka nguvu kwenye gurudumu hata likiwa limepinda, hasa ukiona raba yake imechanika na grisi imerukia upande wa ndani wa gurudumu. Ikiwahiwa kabla ya mlio kuanza, kuisafisha na kuweka raba na grisi mpya kunatosha. Mlio ukishaanza, jointi ibadilishwe. Kugonga kwenye matuta madogo kwa mwendo wa taratibu huanzia mara nyingi kwenye linki za stabilaiza (fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona), kisha bushi, kisha kichwa cha shokapu. Bushi za mikono ya chini, vyuma vinavyounganisha gurudumu na bodi, zina sharti ambalo haraka ya gereji hulivunja: bolti zake hukazwa kwa mara ya mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Zikikazwa gurudumu likining'inia, raba hujikunja gari linaposhushwa, nayo huchanika mapema na kelele ileile hurudi.

Mlio wa tssk-tssk injini ikiwa baridi, unaopungua ikipata moto, unaweza kuwa gasketi ya ekzosi inayovuja. Usiuchukulie kama kero ya masikio tu, kwa maana moshi huo una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo ikipenyeza ndani ya gari inaweza kuua.

Si kila mlio ni ugonjwa. Ekzosi hutoa milio midogo inapopoa, feni ya rejeta inaweza kuzunguka baada ya injini kuzimwa, na mfumo wa kuzuia breki kujifunga hujipima kwa kugonga mara moja gari linapoanza kuondoka. Magari ya umeme hutoa mvumo wa makusudi kwa mwendo wa hadi kilomita 20 kwa saa ili watembea kwa miguu wayasikie, na sheria za Umoja wa Ulaya zinalazimisha hivyo kwa aina mpya za magari tangu Julai 2019.

Kwa hiyo unapofika kwa fundi, mpe mazingira: mwendo, gia, injini baridi au ya moto, kona ya upande gani, barabara ya aina gani, na kazi iliyofanyika karibuni. Mwombe akuoneshe kipimo alichotumia kabla hajaagiza kifaa, na akukabidhi kile cha zamani. Baada ya kazi, gari lijaribiwe katika mazingira yaleyale yaliyotoa mlio, na si kwa kuzunguka gereji, na kama gurudumu lilifunguliwa, nati zake zipimwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.