Mwanafunzi mfanyakazi: analipwa mshahara au anapewa posho?

Neno posho humchanganya Mtanzania anayekuja kusoma Kampala. Kwao posho ni pesa anayopewa mtu juu ya mshahara wake, ya safari au ya kikao. Hapa Uganda posho ni ugali. Asili yake ni moja: chakula walichogawiwa wapagazi, askari na vibarua. Naanza na neno hili kwa sababu linawaponza wanafunzi wengi wanaofanya kazi vyuoni.

Mwanafunzi mfanyakazi ni mtu aliyesajiliwa kusoma, na wakati huohuo anafanya kazi kwa makubaliano ya kulipwa: anapanga vitabu maktaba, analinda chumba cha kompyuta, anaosha sahani kantini. Kiini cha dhana ni hayo makubaliano. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inamtambua mwajiriwa kwa mkataba wa kazi, na mkataba huo waweza kuwa wa maandishi au wa mdomo. Hata mwanagenzi, yaani anayejifunza kazi kwa kuifanya, akifunga mkataba wa uanagenzi ni mwajiriwa. Kuwa na kitambulisho cha chuo mfukoni hakumwondolei mtu haki hiyo. Mwanafunzi aliyepelekwa na chuo kufanya mafunzo kwa vitendo ili apate alama za shahada ni suala jingine; huyo kaenda kujifunza, na pasipo makubaliano ya malipo ni vigumu kudai mshahara.

Nilipokuwa mwaka wa pili nilifanya kazi kwenye chumba cha fotokopi ndani ya chuo kimoja, pamoja na rafiki yangu kutoka Arua. Tuliingia saa kumi na moja jioni, tukatoka saa nne usiku, vidole vyeusi kwa wino wa mashine. Wiki za mitihani tulikesha. Mwisho wa mwezi pesa ikaja kwenye simu, pungufu. Tulipouliza, mzee aliyetusimamia akatujibu kwa upole kabisa: “Wanangu, ile si mshahara, ni posho tu ya kuwasaidia.” Tukanyamaza. Kumbe jina la pesa halibadilishi kazi iliyofanyika. Ukikubaliana na mtu ufanye kazi na yeye akulipe, anachokulipa ni ujira, hata akiuita shukrani. Tena sheria inataka ujira ulipwe kwa fedha halali, na kila malipo yaje na karatasi inayoonyesha kiasi chote na kilichokatwa. Sahani ya posho na maharage ya kantini haiwezi kushika nafasi yake.

Saa za kazi ndipo mwanafunzi anapoumia zaidi, maana muda wake wa kusoma ndio unaoliwa. Kiwango cha kawaida ni saa 48 kwa wiki, na zinazozidi hapo hulipwa angalau mara moja na nusu. Za sikukuu mara mbili. Wengi wetu hatufiki huko. Kuna namba nyingine ndogo inayotuhusu sana: saa 16. Likizo ya mwaka yenye malipo, siku 7 kwa kila miezi minne, ni ya mtu ambaye kwa kawaida anafanya kazi saa 16 au zaidi kwa wiki na ametimiza miezi sita. Aliye chini ya hapo anakosa likizo hiyo, lakini ujira wake wa kila saa uko palepale, na akiumia kazini Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 bado inamhusu.

Kuhusu kima cha chini cha mshahara, habari ni chungu. Kilichopo ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kilichowekwa mwaka 1984. Leo pesa hiyo inaisha kwa mlo mmoja au miwili pale Wandegeya, hapa Kampala. Bunge lilipitisha muswada mpya mwaka 2019, Rais hakuutia saini. Kwa hiyo kiwango cha mwanafunzi kinategemea alichokubaliana na bosi, na ndiyo maana maandishi ni muhimu mno.

Lugha yetu yenyewe inalijua hili. Kibarua ni barua ndogo, kile kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa kuthibitisha siku zake. Wanafunzi wengi leo hawana hata hicho! Sheria inamtaka mwajiri atoe maelezo ya kazi kwa maandishi ndani ya wiki 12 tangu uanze. Na kwa Kanuni za Ajira za mwaka 2011, anayeitwa wa muda akipitisha miezi minne anastahili mkataba wa maandishi. Wanaomwambia mwanafunzi “wewe wa muda tu” muhula wa tatu mfululizo wanamdhulumu.

Rafiki yangu wa Arua alikuwa na daftari la kurasa 96. Kila usiku aliandika saa ya kuingia, saa ya kutoka, na jina la aliyefunga mlango. Alipolipeleka kwa yule mzee na kulifungua mezani, saa zilizokosekana zilihesabiwa mbele yetu sote, na pesa ikaja Ijumaa ile. Ingeshindikana, tungekwenda kwa afisa wa kazi wa wilaya, ambaye ndiye anayepokea malalamiko kama haya kabla hayajafika Mahakama ya Viwanda, ile inayoamua migogoro ya kazi. Na aliyefukuzwa kazi isivyo haki asikawie: ana miezi mitatu ya kulalamika.