Makazi ya Mpango kwa Waomba Hifadhi: Maana Yake na Yanavyotofautiana na Kambi

Makazi ya mpango kwa waomba hifadhi ni eneo ambalo serikali, kwa kawaida ikishirikiana na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi, hulitenga na kulipima ili watu waliokimbia nchi zao wapate mahali pa kujenga, ardhi ya kulima au nafasi ya kufanya kazi, pamoja na shule, zahanati na soko ambavyo wenyeji wa jirani nao wanavitumia. Sehemu hiyo ya mwisho, ya wenyeji, ndiyo inayosahaulika mara nyingi, na kwa maoni yangu ndiyo inayoonyesha kama eneo linastahili jina la makazi au ni kambi tu iliyoezekwa bati badala ya turubai.

Mwomba hifadhi ni mtu aliyeingia katika nchi nyingine akaomba kulindwa, na ombi lake bado halijaamuliwa. Likikubaliwa anatambuliwa kuwa mkimbizi. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951 unamtaja anayeogopa kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, kundi lake au msimamo wake wa kisiasa. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 uliongeza wanaokimbia uvamizi na machafuko yanayovuruga amani ya nchi, na kwa sababu hiyo Afrika watu hupokewa kwa makundi bila kila mmoja kuhojiwa peke yake. Hapa Tanzania, Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inawataka waomba hifadhi na wakimbizi wakae katika maeneo yaliyotengwa na wawe na kibali wanapotoka. Mpango wowote wa kuwachanganya na wenyeji huanza ukiwa na fundo hilo la kisheria mkononi.

Sisi wa Tanga tunao mfano wetu wenyewe, nao ni Chogo, wilayani Handeni. Katika karne ya 19, Wazigua wengi walichukuliwa utumwani kutoka huku wakapelekwa kwa majahazi hadi pwani ya Somalia; masimulizi ya wazee huitaja njaa kubwa iliyoipiga nchi ya Uzigua kuwa ndiyo iliyowatia mikononi mwa wafanyabiashara. Baadhi yao walitoroka wakajificha katika misitu ya Mto Juba, eneo lililojulikana kwa jina la Gosha, wakalima huko kwa vizazi kadhaa bila kuiacha lugha yao. Serikali ya Siad Barre, rais wa Somalia, ilipoanguka mwaka 1991, wakulima hao wasio na koo zenye silaha za kuwalinda waliporwa na kuuawa, wengi wakakimbilia kambi za Dadaab nchini Kenya na wengine wakaja Tanzania. Waliofika kwetu waliwekwa kwanza Mkuyu, Handeni, kisha mwaka 2003 wakahamishiwa Chogo, ambako serikali ilitenga ardhi ya kujenga na kulima, na mlango wa kuomba uraia ukafunguliwa. Wenzao waliobaki Kenya walipata njia tofauti kabisa, kwani Marekani ilikubali kuwachukua watu wapatao 12,000 wa jamii hiyo.

Ni vigumu kupata mazingira mepesi kuliko hayo. Mgeni anayeingia gulioni akauliza bei ya mahindi kwa Kizigua, hata kama lafudhi yake ni tofauti kidogo, anajibiwa kwa Kizigua, na muuzaji huenda akaanza kumuuliza ukoo wake. Kwa hiyo Chogo haitoshi kuthibitisha kwamba kila makazi ya namna hii yatafaulu, maana kwingineko mgeni hufika bila lugha na bila babu wa kumtaja.

Kwa watu wasio na undugu huo, kazi inabaki kwa mpango wenyewe, na hapo mambo yanayoonekana madogo huwa makubwa. Kisima kikichimbwa katikati ya makazi, mama wa kijiji cha jirani anayetembea mwendo mrefu kutafuta maji atakiona kuwa ni mali ya wageni. Kikichimbwa mpakani, ndoo za pande zote mbili hupangwa foleni moja, na ugomvi ukitokea unakuwa wa nani alitangulia, si wa nani ametoka wapi. Kalobeyei, katika Kaunti ya Turkana nchini Kenya, ilifunguliwa mwaka 2016 kwa nia ya kuwahudumia wakimbizi na Waturkana kwa pamoja. Huko, kama ilivyokwisha kuanza katika kambi jirani ya Kakuma, mgawo wa chakula uliwekwa kwenye laini ya simu chini ya utaratibu uitwao Bamba Chakula: mtu alipokea salio, akaenda kwa mwenye duka aliyesajiliwa, awe mkimbizi au mwenyeji, na kuchagua mwenyewe kati ya unga, maharage na mafuta. Tofauti yake na gunia linaloshushwa kutoka kwenye lori ilikuwa kwamba fedha zilipita mikononi mwa wachuuzi wa eneo lile kabla ya kuondoka. Uganda imekwenda mbali zaidi kisheria, kwani sheria yake ya mwaka 2006 inawaruhusu wakimbizi kufanya kazi na kutembea nchini, na makazi kama Bidi Bidi hugawa viwanja kwa kila familia. Viwanja hivyo ni vidogo, na si vyote vyenye udongo wa kutegemewa, jambo ambalo sifa nyingi za mfano wa Uganda hulipita kimyakimya.

Mijini mpango hugeuka sura. Huko Amsterdam, mradi wa Startblok ulioanza mwaka 2016 uliwapangisha vijana zaidi ya 500, nusu wakiwa Waholanzi na nusu wakimbizi, wakiishi jirani na kushiriki wenyewe katika kuendesha majengo. Hakuna shamba; kinachogawanywa ni ujirani na jina la kijana wa pale pale anayejua ofisi ipi inahusika na nini.

Somo gumu zaidi liko nchini mwetu, upande wa magharibi. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 waliwekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakafyeka pori, wakalima hadi kujitegemea, na katikati ya miaka ya 1980 UNHCR ikakabidhi shughuli kwa serikali. Kwa kipimo cha nyumba na chakula, makazi hayo yalifaulu. Hata hivyo watoto na wajukuu waliozaliwa humo waliendelea kuwa wakimbizi, na vyeti vya uraia kwa watu wapatao 162,000 vilianza kutolewa mwezi Oktoba 2014, miaka kadhaa baada ya maombi yao kukubaliwa, kwa kuwa awali walitakiwa kwanza wahame na kusambazwa katika mikoa mingine.

Uraia una uzito huo kwa sababu ya ardhi. Sheria za ardhi za mwaka 1999 hazimruhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, kwa hiyo shamba la mkimbizi ndani ya makazi ni la kuazimwa, na asiye na uhakika wa kuwepo mwaka kesho kutwa hapandi michungwa, anapanda mahindi. Akishapata uraia anaweza kuomba ardhi kwa halmashauri ya kijiji kama jirani yake, kumpigia kura mwenyekiti wa kijiji au kugombea nafasi hiyo, na kusafiri hadi Tanga mjini bila kibali cha mkuu wa makazi, ambaye ni mtumishi wa Wizara ya Mambo ya Ndani na ambaye kazi yake, eneo likiwa limejaa raia, inapaswa kuhamia kwa halmashauri ya wilaya.