Mionzi ya Nyota Jirani na Sayari Zinazozaliwa: Dhana na Ukweli

Mwishoni mwa Januari, kaskazi ikivuma, simama uwanjani Chake Chake kiasi cha saa tatu na robo usiku, utazame juu. Utaziona nyota tatu za Jabari zimejipanga, na kusini yake kidogo doa hafifu la ukungu. Hilo ni Nebula ya Orion (jina jingine la Jabari), yaani wingu kubwa la gesi na vumbi, nalo hupita karibu kabisa na utosi wa Pemba. Liko umbali wa miaka ya nuru 1,300 hivi, na humo nyota zinazaliwa hadi leo.

Dhana: Kila nyota changa huumba sayari zake bila kuguswa na majirani.

Hili ndilo kosa kubwa, na linaenea kwa sababu tunalifikiria Jua letu likiwa peke yake. Katikati ya nebula ile ipo nyota Theta-1 Orionis C, yenye uzito wa zaidi ya Jua 30 na joto la nyuzi zaidi ya 35,000 usoni; Jua lina 5,500 tu. Mionzi yake ya urujuanimno (ultraviolet, isiyoonekana kwa macho) huipasha moto gesi ya diski zinazozizunguka nyota changa za jirani, ambazo ndimo sayari huundwa, hadi gesi ikapeperuka. Darubini ya Hubble ilipozipiga picha miaka ya 1990, diski nyingi zilionekana na mikia iliyoipa mgongo nyota ile, kama moshi wa jiko la makumbi unaosukumwa na upepo.

Mwaka 2024, watafiti waliotumia darubini ya James Webb walionyesha kuwa diski mojawapo ya nebula hiyo, iitwayo d203-506, inapoteza gesi kwa kasi kubwa mno, hata sayari mfano wa Mshtarii haiwezi kuundwa humo. Naona hilo ni jambo zito: ulipozaliwa huamua utapata sayari gani.

Dhana: Mikondo ya gesi inayofyatuka kutoka nyota changa inasukumwa na mwanga.

Hasha. Inarushwa hasa na nguvu za sumaku na mzunguko wa diski, kwa kasi ya mamia ya kilomita kwa sekunde. Mionzi ya jirani huifanya ionekane: ndani ya wingu lenye giza, mkondo hung'aa pale unapogonga gesi nyingine, lakini ukimulikwa na urujuanimno, kama mkondo uitwao HH 901 katika Nebula ya Carina, hung'aa hata pasipogonga kitu.

Dhana: Mionzi hiyo huharibu tu.

Katika d203-506 hiyo hiyo, mwaka 2023, iligunduliwa kwa mara ya kwanza angani molekuli ya CH3+ (kaboni moja na hidrojeni tatu, yenye chaji chanya), inayoanzisha kemia ya kaboni. Nishati ya kuiunda inatokana na urujuanimno.