Chokaa iliponiumbua mbele ya darasa

Kila mwaka nikifika mada ya hali za maada, yupo atakayenyoosha mkono: "Mwalimu, badiliko la kiumbo linarudi, la kikemikali halirudi." Siwezi kumlaumu. Nami nimelifundisha hivyo miaka mingi, mpaka siku nilipoingia darasani na bonge la chokaa hai, yaani jiwe la chokaa lililochomwa ila bado halijamwagiwa maji.

Kwa maji kanuni hiyo haikupi taabu. Barafu ya mfuko ikiyeyuka, irudishe kwenye friji itaganda. Mvuke ukigonga mfuniko wa sufuria unashuka matone. Mango, kimiminika, gesi: chembe ni zile zile, ila zimebanana, zinateleza au zimetawanyika. Hata chumvi ni hivyo. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na wavunaji wa Bagamoyo wanaliachia jua liondoe maji. Chumvi ilikuwemo tangu mwanzo.

Chokaa ya pwani ni habari nyingine. Inaanza kama jiwe la matumbawe, ambalo kwa sehemu kubwa ni kalisi kaboneti. Linapangwa juu ya magogo, linachomwa mpaka joto lifike nyuzi 900 hivi. Haliyeyuki. Linatoka jiwe vile vile, jeupe zaidi, na ukilinyanyua unashtuka lilivyo jepesi: kilo 100 za kaboneti safi zinabaki kilo 56, kwa kuwa kilo 44 zimepaa kama gesi ya kaboni dayoksaidi. Liliingia mango, limetoka mango, na bado si kitu kile kile.

Siku ile nililiweka kwenye karai, nikavaa miwani na glovu (chokaa hai inaunguza macho), nikamwaga maji. Kimya. Wakaanza kucheka. Mara likatoa sauti kama ya mafuta kikaangoni, likapasuka, likavimba, mvuke ukapanda na karai likawa halishikiki. Jiwe la matumbawe ulimwagie maji kutwa, litalowa tu. Mafundi wanaita huku kuzima chokaa, neno la ajabu kwa kitu kinachopata moto namna ile.

"Na ikishapakwa ukutani inakuwaje?" kijana wa nyuma akauliza.

Nikajibu, na katikati ya jibu nikajisikia nimenaswa. Ukutani chokaa iliyozimwa inanyonya taratibu kaboni dayoksaidi ya hewani, inaachia maji, inakuwa kalisi kaboneti tena. Waashi wa Kilwa Kisiwani na Gedi walichoma jiwe, wakalizima, wakaliacha lirudi kuwa jiwe katikati ya mawe mengine. Hatua zote tatu ni za kikemikali, na limerudi lilikotoka.

Tena kuna upande wa pili. Peleka mahindi mashineni: unga haurudi kuwa punje hata ufanyeje, na kusaga ni badiliko la kiumbo, maana unga bado ni mahindi yale yale.

Siku hizi swali langu ni moja tu: je, kimezaliwa kitu kipya? Kipande kilichobaki siku ile nilikiacha kabatini kwenye kopo lisilo na kifuniko. Baada ya miezi nilikikuta kimekuwa vumbi. Nilikimwagia maji, hakikufoka. Nilipodondoshea ndimu, kikatoa mapovu: gesi ile ile iliyopaa tanuuni, sasa imenaswa upya.